Bodi Juu ya Kibao cha Chapati

Wasifu wa marehemu Senge Rael, shangazi yangu, niliuandika mimi. Jamaa walisema aliyenifundisha kupiga chapa ni yeye, basi nani mwingine angeandika, na mimi sikubisha, kwa sababu hata wangempa mtu mwingine ningeuandika upya. Nilitaja kuzaliwa kwake Bumula, shule, kanisa, ile ofisi yake ndogo ya kuchapa pale Tuwan, Kitale, na ukali wake kwa mtu anayekunywa chai akaacha nusu kikombeni. Nilipofika kwenye mwaka niliokaa naye baada ya kumaliza Kidato cha Nne, vidole vilisimama. Nikaandika sentensi moja tu, kwamba aliwalea watoto wa ndugu zake, nikaendelea mbele. Siku ya mazishi, wasifu uliposomwa, nilimwona Wafula ameketi upande wa pili wa hema, amenenepa, kofia ameiweka magotini, na sentensi ile ilipopita akanitazama. Chini ya hema lile zima ni yeye tu aliyejua nimeruka nini. Nitakiandika hapa, maana hapa hakuna mchungaji wa kuniambia nifupishe.

Niseme mapema nisimzungushe msomaji: mwaka ule nilimpenda Wafula na nilitaka anioe. Sikutaka kitu kingine chochote kwa nguvu hiyo, hata nafasi ya chuo kikuu niliyokuwa nikiingojea. Watu hudhani wapenzi wa siku zile walikutana kanisani au kwenye harusi za watu. Sisi tulikutanishwa na kompyuta iliyokufa, na kama ingekuwa mpya zaidi kidogo, au kuukuu zaidi kidogo, nisingemjua kamwe.

Ofisi ya Senge ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la leso. Mbele kulikuwa na meza, kompyuta, printa na benchi la wateja. Nyuma kulikuwa na kitanda chetu, jiko la makaa, sufuria zilizopangwa kwa ukubwa, na dirisha lililotazama kizimba cha kuku wake. Harufu ya wino na harufu ya kitunguu zilikutana pale kwenye pazia, na mpaka leo nikiingia mahali pa kuchapisha karatasi nasikia njaa. Kazi nyingi ilikuwa vitabu vya mazishi, kadi za harusi, nyimbo za kwaya na mitihani ya shule za jirani. Nikiwa nyuma nasonga ugali niliwasikia watu wakiyapima maisha ya wenzao upande wa pili. Mjane mmoja alimwambia Senge, "Andika alikuwa mtu wa amani," kisha akajisahihisha, "Ama andika tu alipenda amani. Kuwa na kupenda si kitu moja." Senge hakucheka mbele ya mteja. Alingoja mama wa watu aondoke, akaja nyuma, akaegemea ukuta na kucheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa cha kichwa.

Alikuwa na desturi moja iliyonitia aibu. Kabla hajamchapia mtu hata ukurasa mmoja, alimwuliza ukoo. Kwetu Wabukusu mtu haoi kwenye ukoo wa babake wala wa mamake, hata kama hao watu wanaishi mbali na hawajawahi kuonana. Ukoo mmoja ni damu moja, na maneno yameisha. Kwa hivyo kuuliza ni adabu na pia ni tahadhari, na Senge alizidisha yote mawili. Alimwuliza mwuza maji. Alimwuliza fundi wa stima akiwa bado juu ya ngazi. "Wewe ni wa watu gani? Na mama ametoka kwa nani?" Mtu akishajibu alimpanga mahali pake, huyu shemeji, huyu mjukuu, huyu hatuna neno naye, na tangu hapo hakumsahau. Mimi nilikulia mjini na nilijiona wa kisasa, basi akianza maswali yake nilikuwa natazama sakafu.

Mwezi wa nne, mvua ilipoanza, stima ilipotea mchana na ikarudi kwa kishindo. Kompyuta ikalia mara moja, ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua, ikazima. Senge alikaa mbele yake, mikono mapajani, kama mtu aliyeletewa habari. Mashine ile ilikuwa kuukuu tayari, aliinunua kutoka ofisi iliyokuwa ikifungwa, lakini ndiyo iliyotulisha. Tuliibeba hadi kwa fundi mmoja mjini, akaifungua, akatuonyesha ile sahani kubwa ya kijani ambayo kila kitu ndani ya kompyuta hukaa juu yake. Vimikebe vidogo vilivyosimama kwenye bodi ile vilikuwa vimefura vichwa na kupasuka. Kisha akachomoa prosesa, ambayo ndiyo ubongo wenyewe, akaiweka kwenye mashine nyingine ya umri uleule, ikawaka vizuri.

"Prosesa iko sawa," alisema. "Ni bodi imeenda. Lakini hii prosesa ni ya zamani, mama. Bodi yake mimi sina, na hii mashine nimejaribia ni ya mwenyewe. Si ununue tu kompyuta mpya?"

"Kwani mtu akiumwa jino anang'oa kichwa?" Senge alimwuliza.

Fundi alicheka, akatuelekeza Kanduyi, pale pembeni mwa mji wa Bungoma, kwa kijana aliyenunua kompyuta kuukuu za maofisi na kuzivunja vipuri.

Prosesa za wakati ule zilikuwa na miguu, vipini vidogo vya rangi ya dhahabu vilivyojaa upande wa chini, na kimoja kikipinda umekwisha. Senge alikata kipande cha sponji kwenye pembe ya godoro letu, akaichomeka prosesa hapo, akaiweka ndani ya mkebe wa majani ya chai na kuufunga kwa leso. Pembe ile ya godoro ilikuwa upande wangu, na mwaka mzima nililala nikihisi shimo chini ya bega. Alinifungia pia chapati za njiani. "Ukifika usimpe mtu mkononi," aliniagiza. "Yeye ndiye ataleta bodi, wewe ndiye uko na prosesa. Anayetafutiwa ndiye anachagua." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayempeleka binti kutazamwa na wakwe, na nilipomwambia hivyo akanipiga kofi la mgongo.

Kibanda cha Wafula kilikuwa karibu na uwanja wa michezo, kati ya mama wa mitumba na mtu wa kuchomelea milango. Kompyuta zilizotolewa matumbo zilipandana hadi darini, na yeye alikuwa katikati yake ameinama, mrefu, mwembamba, bisibisi mdomoni.

"Niaje," alisema bila kuinua macho.

"Nina prosesa. Natafuta bodi."

"Umefika. Lete tuone."

"Lete bodi kwanza."

Hapo aliinua macho. "Sasa mimi nitajua aje ni gani bila kuiona?"

"Utaiona nikiwa nimeishika."

"Haya, shika basi," alisema, akacheka. Kicheko chake kilianza chini, kikapanda, kikakatika ghafla kana kwamba mtu amemwita. Nilikaza uso nisicheke naye. Alileta bodi moja, akaangalia tundu la katikati, akaangalia miguu ya prosesa, akasema yeye kazi yake ni kuangalia shimo. Shimo likikubali, mambo yamekubali. Nikaiweka mwenyewe kwa mkono wangu, ikaingia bila kusukumwa. Stima haikuwapo Kanduyi siku hiyo, kwa hivyo hatukuijaribu. "Imeingia kama mguu kwa kiatu, bana," alinihakikishia, nami nikarudi Kitale nimefurahi. Tulipoifunga, feni ilizunguka, taa ndogo ikawaka, na kioo kikabaki cheusi. Senge alikitazama kioo kile muda mrefu, kisha akaenda kuchambua mboga. Jioni ile alimrudisha mteja wa kwanza, familia iliyotaka kitabu cha mazishi, na nilimsikia nyuma ya pazia akiwaelekeza kwa mshindani wake kwa upole ambao hakuwa nao kwa kawaida.

Nilirudi Kanduyi nimejaa moto. Wafula alisema prosesa yangu imekufa. Nikamwambia ilikuwa hai Kitale. Akasema basi ilifia njiani. Nikamwambia haikufia njiani, nilikuwa nimeipakata. Mama wa mitumba aliacha kukunja nguo ili asikilize vizuri. Mwishowe Wafula aliichukua, akaijaribu kwenye mashine yake nyingine, ikawaka, naye akakuna kichwa. Mtu mwingine angetafuta uongo wa pili. Yeye alisema, "Aki sijui. Kuja tusome." Akafuta mgongo wa prosesa kwa spiriti mpaka namba zake zikaonekana, tukaenda saiba ya jirani, kibanda cha kulipia intaneti, tukakaa kiti kimoja kwa sababu cha pili kilikuwa kimevunjika. Kurasa zilikuwa za Kiingereza kigumu. Mimi nilifungua maneno, yeye akafungua maana. Tukagundua kwamba tundu lile lile lilitumika kwa vizazi kadhaa vya prosesa, na kwamba juu ya bodi kuna kipande kingine, chipseti, ambacho ndicho kinachoamua itaongea na prosesa gani na kwa kasi gani. Chipseti ya bodi ile ilikuwa ya kizazi cha nyuma ya prosesa yetu. Bodi iliipokea, ila haikuitambua.

"Kumbe shimo si kitu," alisema Wafula. "Na nimeuzia watu wangapi hivyo, ati shimo imekubali." Alikicheka kicheko chake, akijicheka mwenyewe, na nadhani ni hapo nilipoanza kumpenda, kwa sababu nilijikuta natazama masikio yake. Tukakubaliana mambo ya kuuliza kabla ya kugusa bodi yoyote: tundu lake ni la aina gani, chipseti yake inaijua prosesa ipi, na memori inayoingia pale ni ya aina tuliyo nayo au sivyo, maana memori nazo zina vizazi vyake na pengo lake haliko mahali pamoja. Alisema akipata inayojibu yote ataileta Kitale mwenyewe, nisiteseke tena. Nikamwambia ni vizuri, kwa sauti ya mtu asiyejali.

Alikuja Jumamosi moja, bodi imefungwa kwa gazeti. Alipobisha hodi aligonga kichwa kwenye kizingiti, akacheka, na Senge akatoka nyuma ya pazia na birika mkononi. Nilijiandaa kwa aibu. Nilijua maswali yanakuja na nilitamani ardhi inimeze. Senge alisimama akamtazama, birika likitoa moshi, kisha akasema, "Karibu, kijana. Keti hapo." Akamimina chai. "Unaweka sukari?" Ni hivyo tu. Nilishangaa kidogo, nikajiambia anaogopa kumkimbiza fundi, nikashukuru Mungu nikasahau.

Bodi ile ilijibu maswali yetu yote, na ilipogeuzwa ili iingie kwenye sanduku la kompyuta, ikagoma. Lilikuwa sanduku jembamba la ofisini, na bodi ilikuwa kubwa kupita ukingo kwa upana wa kiganja. Hatukuuliza ukubwa. Wafula alishika kiuno. Mimi nilitaka kulia, si kwa ajili ya bodi tu. Senge ndiye aliyekwenda nyuma akarudi na kibao chake cha chapati, kile cha duara chenye miguu mifupi, akakipangusa unga kwa aproni na kukiweka mezani.

"Mbao inapitisha stima?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Basi panga hapo."

Tukaweka vipande vya sponji chini, bodi juu, feni juu yake, nyaya zikining'inia pembeni kama mizizi. Wafula alikosa ile dawa nyeupe ya kupaka kati ya prosesa na feni, akatumia ya meno, na chumba kizima kikanukia asubuhi. Kioo kikawaka. Senge alivuta kiti, akafungua kazi ya familia iliyokuwa inangoja, akaanza kupiga chapa, na mimi na Wafula tukasimama nyuma yake tunatazama maneno yakitokea. Toka siku hiyo, kompyuta yetu iliishi juu ya kibao cha chapati, ikifunikwa usiku kwa kitambaa cha kufuma, na hatukula chapati tena.

Mtu aliyezoea kuona mashine ndani ya sanduku hawezi kujua raha ya kuishi na iliyo uchi. Mteja akiingia anashtuka. Kuku mmoja aliwahi kupanda mezani akaitazama feni kwa jicho moja. Lakini vumbi la Tuwan si la kuchezea, kwa hivyo ilibidi Wafula aendelee kutafuta bodi ndogo itakayoingia sandukuni, na ilibidi aje kuisafisha hii kubwa. Alikuja Jumamosi, akaja na nyingine. Jirani yetu Mama Chebet, aliyetoka upande wa Mlima Elgon na kupenda utani kuliko chakula, alisimama dirishani siku moja akamwambia Senge, nami nikisikia vizuri kabisa, "Hiyo bodi yenu inagonjeka sana. Kila wiki daktari." Senge akamjibu, "Ugonjwa wa mtoto hauna haraka." Wote wawili wakacheka kwa sauti ya chini, na mimi nikaendelea kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Kuku wakaanza kupungua kizimbani. Senge, aliyekuwa akitulisha omena na mrenda mwezi hadi mwezi, alichinja kila mara Wafula alipokaribia, na firigisi, ambayo kwetu ni ya mwanamume mwenye heshima ya nyumba, aliiweka kwenye sahani ya Wafula bila kumtazama mtu. Nilijua kusoma ishara ile. Wafula alikaa akila, akimsimulia Senge mambo ya Kanduyi, nani kaleta kompyuta yenye panya ndani, nani anataka kuuza bodi iliyoungua akiipaka rangi, na Senge akimuuliza zaidi, zaidi, kama mtu anayesikiliza redio anayoipenda. Baadaye mimi na yeye tulikwenda kusimama kando ya kizimba. Tuliongea hasa juu ya mashine. Aibu yetu ilikuwa kubwa na mashine zilikuwa kichaka kizuri cha kujifichia. Lakini jioni moja alisema, "Nanjala, nikipata hiyo bodi ndogo, sitakuwa na sababu ya kukuja."

"Basi usiitafute kwa bidii," nikamwambia.

Sikuwahi kusema neno la ujasiri kama lile kabla yake, na sijui kama nimesema jingine tangu hapo. Alitazama kuku. Masikio yake yakawa mekundu mpaka ncha, ambalo ni jambo gumu kwa mtu mweusi kama alivyo, na nikaona nimependwa. Furaha ile naikumbuka kwa mwili, si kwa akili. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo kwa sababu ya kutaka siku ianze.

Bodi ndogo ilipatikana mvua za mwisho wa mwaka zilipokuwa zikiisha, kwenye mashine zilizotupwa na shule moja huko Bumula. Angeweza kuificha. Aliileta, kwa sababu alikuwa mtu wa aina hiyo, na tuliikagua mezani pamoja kama mawakili: tundu sawa, chipseti sawa, memori sawa, ukubwa sawa, hata matundu ya skrubu yakaketi juu ya yale ya sanduku. Kompyuta ikarudi nyumbani kwake. Senge akakichukua kibao chake, akakisugua kwa mchanga na maji moto, akakianika juani, na jioni akapika chapati nyingi kuliko watu. Wafula alikula, akapangusa mikono, akasema maneno ambayo bila shaka alikuwa ameyapanga tangu Kanduyi.

"Mama, mashine imepona. Sasa nikikuja hapa watu watauliza nimefuata nini. Nimeona nije na watu wangu, tuongee vizuri."

Senge alikuwa ametupa mgongo, anasukuma duara la mwisho. Aliendelea kulisukuma mpaka likawa jembamba mno la kupikwa. "Ni sawa," alisema. "Walete."

Alikuja na baba yake mdogo, mzee mfupi mwenye koti la kanisani, siku ya Jumapili baada ya ibada. Nilivaa gauni la Senge lililopunguzwa kiunoni. Baba yangu alikuwa amemwachia Senge kusimama mahali pake, kwa hivyo ni yeye aliyekaa mbele yao, mikono mapajani. Chai ikanywewa. Habari za mahindi zikaulizwa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na trei, ninasikiliza, kama nilivyosikiliza mwaka mzima habari za wafu na maharusi wa watu wengine. Ndipo Senge akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, nilidhani amechoka.

"Nyinyi ni wa watu gani?"

Mzee akataja ukoo wao. Hatuna neno nao.

"Na mama ya kijana?"

"Huyo ni wa hapo Bumula," alisema mzee kwa furaha. "Ni Nabwile. Ni wa Babuya."

Sisi ni Babuya. Nikasikia kikombe kikiwekwa juu ya kisahani, na kuku nje. Nilifunua pazia, trei bado mkononi. Mzee alikuwa amekwisha kuelewa kutokana na nyuso zetu, akavua kofia. Jambo kama lile halina kujadiliana wala kupunguziana. Haliendi kwa mchungaji wala kwa chifu.

"Basi huyu ni mtoto wetu," alisema Senge. "Ni omwiwa, mtoto wa dada yetu. Amekuja nyumbani kwa wajomba zake."

Wafula alinitazama mimi. "Tumeuliza mambo ya bodi mwaka mzima," alisema taratibu. "Ya sisi hatukuuliza."

Nilirudi nyuma ya pazia na nikalia uso wangu ukiwa ndani ya gunia la unga, nisisikike. Walipoondoka nilimgeukia Senge kwa hasira ambayo naionea haya na naielewa pia. Nilimwambia yeye, aliyemwuliza fundi wa stima akiwa juu ya ngazi, alishindwaje kumwuliza huyu mmoja. Angeuliza siku ya kwanza, pale mlangoni, mimi ningekuwa bado natazama masikio tu. Hakujitetea. Alisema, "Ni kweli, mwanangu," akaanza kukusanya vikombe. Kile cha Wafula kilikuwa na chai nusu, na hakusema kitu juu yake. Kwa wiki kadhaa nilimjibu kwa neno moja moja, na yeye alinipakulia nyama kubwa kubwa nisizozila.

Kabla sijaenda chuo, Wafula alikuja tena. Hakubisha hodi. Alipitia nyuma, akafungua kizimba, akamkamata kuku mwekundu aliyekuwa kipenzi cha Senge, akamtia kwapani, akapita mbele ya dirisha akijifanya hatuoni. Omwiwa ana haki hiyo kwa wajomba zake; anaweza kuchukua kuku bila kuomba na hakuna wa kumsema. Senge alikuwa anachapa. Alisimama, akashika meza, akacheka na kulia kwa wakati mmoja, akamwita kwa jina la utani la watoto wakorofi. Mimi pia nilicheka. Iliuma, lakini nilicheka, na nikamwona Wafula akigeuka njiani kututazama, kuku akipiga kelele kwapani mwake. Alikuwa ametutafutia njia ya kubaki naye, na tangu siku hiyo aliishika. Ndiye aliyemletea Senge kompyuta nyingine hiyo ilipochoka, na ya baada ya hiyo. Ndiye aliyempeleka hospitali mimi nikiwa mbali. Alioa mwanamke mzuri wa Webuye, nami nikaolewa na mtu mwema ambaye hajui kufungua hata rimoti, na maisha yangu siyadai kitu.

Jambo la mwisho nimelijua mwaka huu. Nilikwenda Bumula, alikokuwa amerudi, kumuuguza Senge, wiki chache kabla hajatuacha. Alikuwa amekuwa mdogo kitandani, ila ulimi ulikuwa wake uleule. Alimwuliza nesi aliyekuja kumchoma sindano yeye ni wa watu gani. Nikacheka, na katika kucheka nikajisahau, nikamtania kwamba kuna mmoja tu aliyewahi kumponyoka.

"Hakuniponyoka," alisema. "Nabwile nilikaa naye dawati moja hapa hapa Bumula. Huyo kijana alipogonga kichwa kwa mlango akacheka, nilijua ni wa nani. Hicho kicheko ni cha mama yake."

Nilimwuliza, siku ile ya kwanza? Akasema ndiyo, na birika mkononi. Nikamwuliza kwa nini basi alinyamaza, kwa nini kuku wote wale, kwa nini aliniacha mwaka mzima niende mpaka mwisho. Sikuuliza kwa hasira. Nilitaka tu kujua.

"Ulikuwa unaimba ukipiga chapa," Senge alisema. "Ulikuja kwangu mtoto wa kununa, hata salamu ilikuwa shida. Sasa asubuhi niko pale nyuma nawasha jiko, nasikia unaimba. Nasema, wacha leo aimbe, nitauliza kesho. Kesho nayo unaimba."

Akafumba macho. Nilimvutia blanketi hadi mabegani na nikakaa naye mpaka giza likaingia, nikijaribu kukumbuka ulikuwa wimbo gani. Mimi mwenyewe sikumbuki kama niliimba.